Mafuta Tunayoyachoma na Mafuta Tunayoyangoja

Kila tarehe 14 ya mwezi, watu wa Lamu wanaoishi kwa mashini ya boti husikiliza tangazo la bei kama babu zao walivyosikiliza habari za upepo. Siku hiyo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa itakayotumika kuanzia usiku wa manane hadi mwezi ufuatao. Shilingi chache zikiongezwa, nauli ya kuvuka kutoka Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, hadi Mokowe upande wa bara huenda isipande kesho yake, lakini nahodha anayekwenda Faza au Kizingitini hupiga hesabu upya, na mvuvi hujiuliza iwapo samaki atakaowapata watalipa hata jerikeni aliyoiteketeza akiwatafuta.

Tangazo hilo ndilo huufufua mjadala ule ule barazani. Mmoja husema kuwa mafuta yametufanya watumwa, kwamba dunia nzima imejifunga kwa bidhaa inayochafua hewa, inayoleta vita na inayopandishwa bei na watu tusiowaona. Mwingine humjibu kwamba bila mafuta hapangekuwa na boti la kumwahisha mgonjwa, wala lori la kuleta unga kutoka bara, wala ndege ya kuwaleta wageni, na kwamba anayeyatukana mafuta na ashuke pwani akapige kasia. Wa tatu, ambaye hakosekani, hukumbusha kuwa Lamu yenyewe iliahidiwa bomba la mafuta, na kwamba siku litakapofika mambo yatabadilika.

Kwa maoni yangu watu hawa watatu hawabishani, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza anazungumzia gharama ya kuyachoma mafuta, wa pili kazi yanayoifanya, na wa tatu mafuta kama mali ya kuuza. Neno ni moja, lakini anayelitumia kwa maana ya mafuta yaliyomo ndani ya tangi la boti na anayelitumia kwa maana ya mafuta yaliyo chini ya ardhi ya Turkana hawawezi kukubaliana wala kupingana, wanapishana tu. Makala hii inajaribu kuzitenganisha maana hizo, na Lamu ni mahali pazuri pa kufanyia kazi hiyo, kwa kuwa huu ni mji ambao tanga na punda vimefanya kazi za injini kwa muda mrefu kuliko miji mingi ya pwani yetu, na punda bado anazifanya.

Tuanze na kitu chenyewe. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa kemikali nyingi zilizotokana na viumbe vidogo vya majini vilivyofukiwa chini ya matope mamilioni ya miaka iliyopita, vikakandamizwa na kupikwa na joto la ardhi. Yakipashwa moto kiwandani, kila sehemu hupanda na kutengana kwa kiwango chake cha kuchemka: gesi ya kupikia hutoka juu, ikifuatwa na petroli, kisha mafuta ya taa na ya ndege, kisha dizeli, halafu mafuta mazito ya meli, na mwisho hubaki lami. Pipa moja, ambalo ni kipimo cha biashara hiyo, ni lita 159. Kisima cha kwanza kilichojulikana sana, kile cha Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilichimbwa mwaka 1859 kwa ajili ya mafuta ya taa. Petroli wakati huo ilikuwa taka, na wasafishaji wengine waliimwaga, kwa sababu gari la kuitumia lilikuwa halijabuniwa. Leo dunia hutumia takriban mapipa milioni 100 kila siku, na zaidi ya nusu yake huishia katika usafiri wa barabarani, baharini na angani.

Kwa nini usafiri? Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza faida na utegemezi kwa wakati mmoja. Lita moja ya petroli haifiki kilo moja kwa uzito, lakini imebeba nishati, au kawi kama magazeti ya Kenya yanavyopenda kuiita, inayokaribia uniti 9 za umeme, zile zile tunazozinunua kwa tokeni. Mashini ya boti haiwezi kuigeuza nishati yote hiyo kuwa mwendo. Karibu robo tatu hupotea kama joto na moshi. Robo inayobaki, hata hivyo, ni zaidi ya uniti 2, na mtu mzima mwenye nguvu akipiga kasia kutwa nzima hatoi hata uniti moja. Kwa maneno mengine, ndani ya chupa moja ya petroli mna kazi ya mpiga kasia mmoja ya siku tatu au zaidi, na kazi hiyo hutoka kwa saa chache bila kulala wala kula.

Nishati nyingi peke yake haitoshi kueleza mambo. Petroli huhifadhika. Jerikeni ya lita 20 hupakiwa juu ya punda, hushushwa gatini, huingizwa katika boti, hukaa miezi ikisubiri, na hugawanywa lita moja moja kwa mwenye fedha kidogo. Haihitaji waya, wala mtambo, wala fundi wa kuileta kisiwani. Betri nzuri za lithiamu za siku hizi hubeba chini ya robo ya uniti kwa kila kilo, na hata tukizipa haki yake kwamba mota ya umeme hupoteza kidogo sana kuliko injini, kilo ya petroli bado inaishinda kilo ya betri zaidi ya mara 10 kwa mwendo halisi. Anayetaka kujua kwa nini dunia imeng'ang'ania mafuta kwa zaidi ya karne nzima asiache kuitazama hesabu hiyo. Hila za wafanyabiashara zipo, na vita vimekuwapo, lakini chini ya hayo yote kuna kimiminika chenye nguvu nyingi kinachobebeka kirahisi.

Wazee waliosafiri kwa tanga wanaijua faida hii kuliko vijana wanaoisifu. Upepo ni bure, lakini una saa zake. Katika malelezi, msimu wa kati ya kaskazi na kusi ambapo upepo hubadilika ovyo au hutulia kabisa, jahazi lingeweza kukaa na kungoja, na mwenye samaki asiye na barafu angewaona wakiharibika mbele yake. Mashini ilimwondolea mvuvi kungoja. Mama mwenye uchungu usiku katika kisiwa cha Ndau au Kiwayu, maji yakiwa yamekupwa na upepo ukiwa wa mbisho, haokolewi na hoja nzuri kuhusu mazingira. Huokolewa na boti lenye petroli ya kutosha kumfikisha hospitalini Amu. Mtu hategemei kisichomfaa, na ndiyo sababu sioni haja ya kutenga ukurasa wa faida na ukurasa wa utegemezi kana kwamba ni mambo mawili. Kadiri kitu kinavyofanya kazi vizuri, ndivyo kazi nyingine zinavyopangwa kwa kukitegemea, mpaka inafika siku ambayo hakuna tena aliyefunzwa kuikata na kuishona tanga.

Lipo kosa moja linalorudiwa sana katika mjadala wa Kenya, nalo ni kudhani kuwa mafuta na umeme ni kitu kimoja. Husikika mara nyingi kwamba tukiweka sola juu ya mapaa na mitambo ya upepo milimani tutaachana na mafuta. Ukweli ni kwamba takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji, mitambo ya upepo kama ile ya Ziwa Turkana yenye megawati 310, na jua. Lamu yenyewe iliwahi kuwashwa kwa jenereta za dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na wakati huo hoja ingekuwa na maana kubwa hapa. Siku hizi, mafuta tunayoyanunua nje kwa fedha za kigeni kwa sehemu kubwa hayaendi kwenye balbu. Huenda kwenye lori, matatu, bodaboda, ndege, trekta na boti. Sola juu ya paa ni jambo zuri, lakini haitapunguza hata lita moja ya mafuta hayo mpaka chombo kinachotembea kiwe kimebadilishwa kuwa cha umeme.

Hata bei anayoilipa mvuvi ina mambo ambayo hayahusiani na kisima chochote. Tangu Septemba 2013, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilipoacha kusafisha, Kenya hununua petroli na dizeli iliyokwisha kusafishwa ng'ambo. Hununuliwa kwa dola, hivyo shilingi ikidhoofika kama ilivyodhoofika mwanzoni mwa 2024, ilipofikia takriban 160 kwa dola moja, lita huwa ghali hata kama bei ya dunia haijasogea. Juu yake huja ushuru, tozo na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Kuna pia tozo ya matengenezo ya barabara, ambayo tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Mvuvi wa Kizingitini huilipa kama dereva wa Nairobi, ingawa njia anayoipita haijawahi kutiwa lami wala haitatiwa. Sijapata kumsikia mbunge yeyote akilieleza hilo kwa namna inayoridhisha.

Mafuta ya taa yana kisa chake. Mwaka 2018 serikali iliyaongezea tozo ya shilingi 18 kwa lita, si kwa sababu yamekuwa adimu, bali kwa sababu walaghai walikuwa wakiyachanganya na dizeli, kwani yalikuwa rahisi kuliko dizeli. Udanganyifu ule ulizuiwa kwa kulifanya koroboi la maskini kuwa ghali. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi utegemezi unavyofanya kazi ndani ya jamii moja: bidhaa ikishikamana na nyingine, kosa la anayeuza dizeli Athi River hulipiwa na bibi anayewasha taa Siyu.

Lakini uhusiano wa Lamu na mafuta ni wa zamani kuliko kodi hizi zote, na sehemu hii husahaulika kabisa, labda kwa sababu haikutokea hapa. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Ghuba, Oman na Hadhramaut yalikuja na kaskazi yakishusha tende, chumvi na mazulia, na yalirudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko. Nchi zile hazikuwa na miti ya kutosha ya kujengea. Boriti za visiwa vyetu ndizo zilizoezeka nyumba zao kama zilivyoezeka za Amu, na ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya pande zote mbili za bahari, kwa maana chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa mti unaobeba dari yake. Lamu hadi leo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na biashara yake ilikuwa mhimili wa mji.

Kisha mafuta yakagunduliwa huko: Bahrain mwaka 1932, Kuwait na Saudi Arabia mwaka 1938. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fedha zilipoanza kumiminika, mabwana wa majahazi waligundua kuwa saruji na nondo zinajenga ukumbi mpana zaidi, na vijana wao waligundua kuwa kazi ya kampuni ya mafuta inalipa kuliko kukaa baharini miezi tisa. Majahazi yakapungua mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi ili kuilinda mikoko, biashara hiyo ilikuwa tayari imedhoofika. Mlango mmoja wa riziki wa Lamu ulifungwa na mafuta yaliyochimbwa maelfu ya kilomita kutoka hapa, miongo mingi kabla ya yeyote kuota bomba la kutoka Lokichar, Turkana.

Leo safari imegeuka. Wanaokwenda ni wetu, nao huenda Saudi Arabia, Qatar na Imarati kutafuta kazi za nyumbani, za ulinzi na za udereva, na fedha wanazozituma zinajenga nyumba za matofali Langoni na Mokowe. Petroli nayo inatoka huko huko: tangu mwaka 2023 Kenya imekuwa ikiagiza mafuta yake kwa mkopo kupitia mkataba na kampuni tatu za serikali za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Anayesema kwamba mafuta ni jambo jipya lililoletwa Lamu na mradi wa bandari hajaitazama picha kamili. Tumekuwa tukiishi pembeni mwa mafuta kwa takriban miaka 80, tukipata na kupoteza kwa maamuzi yasiyofanywa kwetu. Mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta wakati wa vita na Israeli, bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12, na nchi kama Kenya, ambazo hazikuwa na ugomvi wowote katika vita vile, zililipa pamoja na waliokusudiwa.

Hapo ndipo ndoto ya mafuta yetu wenyewe inapopata nguvu yake, na ni ndoto inayoeleweka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, husema wanaoitetea. Na sasa tunavyo vyetu. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari ya gati 32, reli, barabara, kiwanda cha kusafishia mafuta na bomba la mafuta ghafi. Wakati huo Sudan Kusini ilikuwa imefunga visima vyake tangu Januari kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta, na ilitafuta njia nyingine ya kufika baharini. Kabla mwezi ule haujaisha, kampuni ya Tullow ilitangaza kuwa imepata mafuta katika kisima cha Ngamia-1 huko Turkana. Usingeweza kupanga wiki zenye matumaini makubwa zaidi.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole. Mwaka 2016 Uganda, ambayo ilitarajiwa kushirikiana na Kenya, iliamua bomba lake lipite Tanzania hadi Tanga, umbali wa kilomita 1,443. Bomba la Lokichar hadi Lamu lingekuwa na zaidi ya kilomita 800, na mafuta ya Turkana, kama yale ya Uganda, yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe joto njia nzima, jambo linaloongeza gharama ya kulijenga na ya kuliendesha. Kwa majaribio, malori yalianza kuyabeba hadi Mombasa mnamo Juni 2018, na Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na takriban mapipa 240,000, yaliyouzwa kwa dola milioni 12 hivi. Kwa kasi ambayo dunia inatumia mafuta, shehena ile iliyochukua zaidi ya mwaka kukusanywa inatosha chini ya dakika nne. Kampuni za TotalEnergies na Africa Oil zilijiondoa mwaka 2023, na mwaka 2025 Tullow ikakubali kuiuzia Gulf Energy mali yake ya Turkana. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, nalo ni la makontena na shehena za kawaida. Bomba halijajengwa.

Tuseme litajengwa. Je, litapunguza utegemezi wetu? Hili ndilo swali ambalo watetezi wa ndoto hulipita haraka. Mafuta ghafi ya Turkana yangepakiwa Lamu na kusafirishwa nje, kwa kuwa nchini hakuna kiwanda cha kuyasafisha, na petroli ya boti ingeendelea kushuka Mombasa kutoka Ghuba. Bei ya lita Mokowe ingeendelea kufuata soko la dunia na nguvu ya dola. Nigeria iligundua mafuta Oloibiri mwaka 1956, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa dunia, na kwa miongo mingi wananchi wake walipanga foleni kununua petroli iliyosafishwa ng'ambo. Ni mwaka 2024 tu ndipo kiwanda kikubwa cha Dangote kilipoanza kusafisha huko Lagos. Norway nayo inauza mafuta na gesi kwa wingi, imeweka akiba ya mapato hayo katika mfuko ulioanzishwa mwaka 1990, na wakati huo huo karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa huko mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Kuuza mafuta na kuyategemea ni mambo mawili. Nchi inaweza kuwa na moja bila jingine, na inaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja.

Na fedha zenyewe zingekwenda wapi? Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa mapato ya serikali kwa namna hii: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanapochimbwa. Msomaji wa Lamu aisome tena sentensi hiyo. Kaunti na jamii zinazotajwa ni za kule yanakochimbwa, si za kule yanakopitia. Lamu ingepata kazi za bandarini, ada na biashara ndogondogo zinazofuata meli, na pamoja nazo ingepata hatari ya kumwagika kwa mafuta katika mikondo ya mikoko ambamo kamba na kaa huzaliana. Jambo hili si la kubuni. Uchimbaji wa kina kwa ajili ya gati za kwanza ulivuruga maeneo ya uvuvi kiasi kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hiyo ilikuwa kabla tone lolote la mafuta halijapita.

Sisemi bomba lisijengwe. Nasema kwamba hoja ya kujitegemea haihusiki nalo, na anayelitetea atafute hoja nyingine, kwa mfano ya ajira au ya mapato ya taifa, kisha aulizwe hesabu zake kama walivyoulizwa watu wa mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi. Mradi ule wa megawati 1,050 ulifutiwa leseni ya mazingira na mahakama maalumu ya mazingira mnamo Juni 2019, na miongoni mwa sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliofungua kesi walikuwa watu wa hapa hapa.

Upande wa madhara nao una ukungu wake. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Wengi husita wanaposikia kwamba moshi unaweza kuwa na uzito kuliko kilichochomwa, lakini ndivyo ilivyo, kwa kuwa kaboni iliyomo katika petroli huungana na oksijeni iliyomo hewani, na uzito wa oksijeni huongezeka humo. Hewa hiyo hukaa angani kwa muda mrefu na huzuia joto lisitoke. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa, na samaki wanaoishi kwayo wakapungua. Mchango wa Kenya nzima katika hewa chafu ya dunia haufiki asilimia moja. Mvuvi mwenye mashini ndogo nyuma ya mashua yake analipa deni ambalo hakulikopa, na anayemwendea yeye kwanza na kumtaka aiache mashini ameanza upande usiofaa. Lakini vilevile udogo wa mchango wetu hauwezi kuwa kibali cha kila mradi, maana mashini ya mvuvi na kiwanda cha mapipa laki moja kwa siku havipimwi kwa mizani moja.

Kuna mafuta pia ambayo hayachomwi, na haya ndiyo yaliyotuzunguka bila kuonekana. Wavu wa nailoni, kamba, boya, ndoo, turubai, rangi ya boti, bomba la maji na ile jerikeni yenyewe inayobebea petroli vyote vimetokana na mafuta au gesi asilia. Mbolea nyingi ya kisasa hutengenezwa kwa gesi asilia. Hata kama magari yote ya dunia yangekuwa ya umeme kesho, vitu hivi vingebaki, na madhara yake ni ya aina nyingine: havipai angani, bali husombwa na maji na kurudi ufuoni. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha baharini Flipflopi, dau la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki na kuvikwa makumi ya maelfu ya vipande vya kandambili zilizookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Watu walilicheka kabla hawajaliona likielea. Kwa mafuta ya aina hii swali si kuyaacha, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi kwenye ndoo ya mbao inayovuja. Swali ni kutumia kitu kimoja mara nyingi.

Mafuta yakitenganishwa hivi kwa kazi yanazozifanya, mjadala hupungua makali na huongezeka manufaa. Ndege ya kutoka Manda hadi Nairobi haina mbadala wa karibu. Lori la Garsen linaweza kusubiri. Kuvuka kati ya Amu na Mokowe ni kazi tofauti: ni safari isiyofika nusu saa, kwa njia ile ile, mara nyingi kwa siku, na boti hulala kila usiku kwenye gati lile lile palipo na umeme ambao sehemu kubwa yake haukutokana na mafuta. Kazi ya namna hiyo ndiyo betri inayoiweza, kwa kuwa uzito wake haudhuru sana pale ambapo safari ni fupi na chaji iko karibu.

Kinachozuia ni namna fedha zinavyopatikana. Petroli hununuliwa leo kwa nauli ya leo, lita tano, lita kumi, kwa kadiri ya mfuko. Betri ni kama kununua petroli ya miaka kadhaa kwa siku moja, na nahodha hana fedha za miaka kadhaa. Anayetaka kupunguza mafuta Lamu angefanya vyema kuanzia kwenye mkopo wa boti za kuvukia, unaolipwa kidogo kidogo kama petroli inavyolipwa, badala ya kuanzia kwenye mahubiri. Mvuvi wa Kiwayu anayetoka nje ya mkondo wakati wa kusi, asiyejua atarudi saa ngapi wala atafuata samaki hadi wapi, atakuwa wa mwisho kuiacha jerikeni yake, na sioni ubaya wa yeye kuwa wa mwisho.